Uliza Fundi Picha: Mfupa wa miaka milioni 150, picha ina ukungu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu mambo ya kupiga picha visukuku, yaani mifupa, meno, makombe na nyayo za viumbe wa kale ambazo zimegeuka mawe, nikajua watu watanicheka, nani ana shida na mawe bana. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mpaka mhariri kaniongezea ukurasa, kwa hiyo leo harusi na pasipoti saizi zikae pembeni kidogo. Walioomba majina yasitoke, hayajatoka.

Shikamoo fundi. Mimi nipo Lindi, mjomba alitupeleka Tendaguru, kile kilima kilichotoa mifupa ya dinosaria, na kule bado kuna vipande vya mifupa vinachungulia ardhini. Simu yangu ina megapikseli 108 lakini picha zote zimetoka kama kokoto za kujengea. Ninunue kamera gani? — Kijana wa Lindi

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza, hela yako kaa nayo.

Hiyo 108 inakudanganya. Simu nyingi za aina hiyo, ukiiacha kwenye mpangilio wa kawaida, inachukua vipikseli 9 inaviunganisha kuwa kimoja, unabaki na picha ya megapikseli 12, ambayo kwa upana ni kama pikseli 4,000 hivi. Sio mbaya hata kidogo. Kipande cha mfupa chenye upana wa sentimita 20 kikijaa kwenye fremu unapata pikseli 20 kwa kila milimita moja, hapo unaona mpaka vitundu vya mishipa ya damu. Kwa hiyo megapikseli unazo, ulichokosa ni kivuli.

Naomba nikuulize, ulipiga saa ngapi? Nina uhakika ni mchana jua la utosi, au mlikuwa chini ya mti ukawasha flashi. Vyote viwili vinamwaga mwanga moja kwa moja juu ya mfupa, na mwanga ukitoka usawa wa lenzi unafuta vivuli vyote vidogo, mfupa unakuwa bapa kama chapati. Kisukuku rangi yake mara nyingi inafanana na udongo uliokizunguka, kwa hiyo jicho halina kingine cha kushika isipokuwa kivuli. Nenda asubuhi saa moja au jioni saa kumi na moja, jua likiwa limelala, au kaa kivulini na tochi moja uilaze pembeni kabisa kama vile unataka kuimulika ardhi na sio mfupa, halafu upande wa pili weka karatasi nyeupe ile ya fotokopi irudishe mwanga kidogo ili kivuli kisiwe cheusi tii. Jaribu hilo tu halafu ndio uniambie habari ya kununua kamera.

Na mwanga utoke juu kushoto. Hii wengi wanadhani ni uchawi wa wazungu wa makumbusho lakini ina sababu yake, macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, sasa ukimulika kutokea chini shimo linaonekana kichuguu na kichuguu kinaonekana shimo. Chukua picha yako yoyote ya mfupa uigeuze juu chini utaona maajabu. Wataalamu wa visukuku wamekubaliana juu kushoto ili mtu akilinganisha picha mbili za watu wawili asichanganyikiwe.

Kingine, simu za siku hizi zina tabia ya kupamba, inaona uso wa jiwe hauna umbile inaamua yenyewe kuunoa, wakati mwingine inakuchorea mikwaruzo ambayo haipo. Kwa picha ya mchumba sawa, kwa mfupa hapana, kuna mtu ataisoma ile mikwaruzo akasema ni alama za meno ya mnyama! Tumia ile pro modi, piga RAW, yaani faili ghafi ambalo simu haijalipamba, kama simu inaruhusu, na usisogee karibu mno na lenzi ile pana maana itakuvimbisha mfupa katikati, rudi nyuma kidogo utumie lenzi ya zumu.

Na usiokote. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 vitu hivyo haviwi vyako kwa sababu tu umeviona wewe kwanza, viache pale pale vilivyolala, piga picha, toa taarifa.

Sasa fundi, niko atachimenti kwenye makumbusho huku Nairobi. Nimepewa nipige meno madogo ya nyani wa kale kwa lenzi ya makro. Ncha ya jino inatoka kali sana lakini mizizi yote ni moshi. Nimefunga tundu la lenzi mpaka f/22 na ndio ikawa mbaya zaidi, picha nzima imelainika. Nakosea wapi? — Dada wa atachimenti

Hukosei dada, hapo umegongana na fizikia yenyewe, wote tumegongana nayo.

Ukiwa karibu kiasi kwamba jino la milimita 12 linaandikwa kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwa milimita 12 zile zile, ukiwa f/8 eneo linaloonekana kali halifiki hata milimita 1. Ndio, milimita moja. Sasa akili inakwambia funga tundu, na kweli ukifunga eneo linapanuka, ila mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unaanza kutawanyika, kama maji ya bomba ukibana mdomo wa mpira kwa kidole, yanaruka kila upande. Na ukiwa karibu hivyo hiyo f/22 inafanya kazi kama f/44, ndio maana yote imekuwa laini.

Dawa yake ni kupiga nyingi kisha kuzipanga. Weka f/5.6 au f/8, anza fokasi kwenye ncha, piga, sogeza kidogo, piga, mpaka ufike mwisho wa mzizi. Kwa jino lako, ukisogeza milimita 0.4 kila hatua ni kama picha 30. Halafu programu inachukua sehemu kali ya kila picha inakushonea moja. Helicon Focus na Zerene Stacker ndizo wengi wanatumia, zinalipiwa, ila ukiwa na moyo wa kuhangaika Enfuse ni ya bure. Kamera ikiwa na uwezo wa kusogeza fokasi yenyewe, vizuri, kama haina tafuta reli ndogo ya kusogezea kamera, ile ya skrubu.

Ila adui mkubwa hapa sio lenzi, ni mtikisiko. Mwaka wa kwanza nafanya hizi kazi nilikaa siku mbili nzima kwenye stoo moja, kila nikishona picha inatoka na kivuli cha pili pembeni kama jino limepiga chafya, nikabadilisha waya, nikabadilisha lenzi, nikamlaumu mpaka aliyeniuzia stendi, siku ya tatu umeme ukakatika, nikapiga kwa betri na taa za kuchaji, picha ikatoka kama wembe. Ilikuwa pangaboi! Pangaboi lile la juu lilikuwa linatikisa dari, dari inatikisa ukuta, na meza yangu imeegemea ukuta. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chochote kwanza nazima pangaboi, joto tutavumilia. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti, zima ile ya lenzi ya kuzuia mtikisiko kama kamera ipo kwenye stendi, na usitembee chumbani wakati inapiga, sakafu za mbao zinasema kila kitu.

Jino liegemeze kwenye kipande cha sponji ngumu ya kuhifadhia vitu au mfuko mdogo wa shanga. Plastisini ya watoto hapana, ina mafuta, inaacha doa.

Mwanangu fundi, nyumba yetu Tanga ni ya zamani, ukuta wa mawe ya matumbawe, na mjukuu wangu amegundua mawe yana maua maua na makombe ndani yake. Anapiga picha za shule. Anayapaka mafuta ya nazi ili yang'ae. Ni sawa? — Bibi wa Tanga

Shikamoo bibi. Mwambie aache leo leo, mafuta ya nazi yale ya kichwani! Jiwe lile linanyonya, mafuta yakiingia hayatoki, yanavuta vumbi na baada ya mwaka ukuta una mabaka. Ila mpe hongera maana jicho analo, hayo maua ni matumbawe yenyewe, mengi ya mawe ya pwani yetu ni miamba iliyokuwa hai chini ya bahari miaka kama laki moja na ishirini na tano elfu iliyopita, Fort Jesus pale Mombasa nayo imejengwa kwa jiwe la aina hiyo. Watu wanasafiri nchi za mbali kwenda kuona visukuku, nyie mmetundikia kalenda juu yake.

Mng'ao anaoutafuta ndio hasa unaoficha umbo. Akilaza tochi pembeni usiku, taa nyingine zote zimezimwa, ataona kila kijinyota cha tumbawe bila kupaka kitu.

Nafundisha chuo Dar. Kwenye vitabu naona visukuku vidogo, konokono wa kale na amonaiti (wale wa baharini wenye kombe la kujiviringisha), vimepigwa vikiwa vyeupe kama majivu, na kila mstari unaonekana. Wanatumia filta gani hiyo? — Mwalimu

Sio filta mwalimu, ni unga. Wanapasha moto kloridi ya amonia kwenye bomba la kioo, inatoa moshi mweupe, moshi unapulizwa juu ya kisukuku na kuacha utando mwembamba sana. Rangi zote zinapotea, doa la kutu, doa la gundi, kila kitu kinakuwa cheupe, kinabaki kivuli peke yake. Ni ufundi wa siku nyingi na ukifanywa vizuri hakuna programu inayoushinda.

Lakini Dar mimi sikushauri kabisa. Unga ule unapenda maji kuliko sisi, kwa unyevu wa pale baada ya dakika chache tu unaanza kufanya vidonge vidonge. Halafu moshi wake unakera mapafu na macho, unatakiwa ufanyike kwenye kabati la kufyonza hewa, na mfupa wenye vitundu vingi hausafishiki vizuri baadaye. Kwa amonaiti ngumu aliyejaa madini, na mtu wa maabara yupo, na mwenye mkusanyiko karuhusu kwa maandishi, hapo sawa.

Mimi ningekupeleka kwenye njia ya taa nyingi. Kamera haisogei, kisukuku hakisogei, unachosogeza ni taa tu, unaizungusha kama jua lililolewa, picha 40 hadi 60, kila moja mwanga unatoka pembe yake, na pembeni ya kisukuku unaweka gololi nyeusi inayong'aa, lile doa la mwanga kwenye gololi ndilo linaiambia programu taa ilikuwa wapi. Ukimaliza unapata faili moja ambayo kwenye kompyuta unasogeza mwanga kwa mausi upendavyo. Mbinu hii ilianzia maabara za HP mwaka 2001 na sasa hivi programu zake za bure zipo. Kwa maandishi yaliyofutika, nyayo, ngozi iliyoacha alama kwenye tope, ni kiboko.

Ila kama shida ni mng'ao tu, mfano meno yana enameli inang'aa kama kioo, tumia polaraiza mbili, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga wa uelekeo mmoja tu, karatasi moja mbele ya taa na filta nyingine kwenye lenzi. Fikiria vyanuo viwili, ukivipishanisha meno ya kimoja na ya kingine kwa msalaba hakuna kitu kinachopita. Unazungusha ile ya kwenye lenzi mpaka mng'ao unakufa. Piga moja ikiwa na mng'ao na moja bila, maana ukiuua wote kuna mikwaruzo inakufa nao.

Ninatunza mkusanyiko mdogo wa taasisi moja, makabati yamejaa, vingine vina lebo za mkono tangu ukoloni. Nimepewa kamera moja na kijana mmoja wa kunisaidia. Bosi anataka tuanze na vile vizuri vizuri vya kuweka kwenye kalenda. Unasemaje? — Mtunza stoo

Namheshimu bosi wako lakini nasema hapana, anza na droo isiyojulikana na mtu.

Ngoja nikupe kisa. Pale makumbusho ya Nairobi kulikuwa na taya na meno makubwa yaliyochimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, yakakaa kwenye droo miongo kadhaa, hakuna mwenye habari nayo. Watafiti wakaja wanatafuta mambo yao mengine, wakafungua, wakashangaa. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens wakampa jina, Simbakubwa kutokaafrika, na hilo ndilo jina lake la kisayansi kabisa, sio utani. Mla nyama wa miaka kama milioni 22 iliyopita, mkubwa kuliko simba wa leo, na wala hakuwa simba. Na kwetu yupo Nyasasaurus, mtambaazi wa kale ndugu wa karibu wa dinosaria, mifupa ilichukuliwa kusini huko Ruhuhu miaka ya 1930, jina rasmi limetoka 2013. Sasa hebu jiulize, kungekuwa na picha nzuri ya kila droo, mtu wa Songea au wa Cape Town anazipekua usiku kwenye laptopi yake, ingechukua miaka 80?

Kwa hiyo kwenu, kila kitu kipate picha, hata kibaya. Kwanza droo nzima kutoka juu. Halafu kimoja kimoja, pande zake sita kama kina maana, pande mbili kama ni kipande tu. LEBO NAYO IPIGWE, mbele na nyuma, hata kama imeliwa na mende, hasa kama imeliwa na mende. Nimeona kazi za watu zina picha za kupendeza kweli lakini namba ya sajili haionekani popote, hapo una jiwe zuri basi, huna ushahidi. Kila fremu iwe na rula na namba, na kila asubuhi picha ya kwanza iwe ya kadi ya rangi, ili mfupa wa kahawia ubaki kahawia na sio kila siku rangi yake kutegemea taa mliyowasha.

Rula iwekwe kwenye kimo kile kile cha sehemu unayotaka kupima. Mfupa una unene wa sentimita 10 na rula umeilaza mezani chini, vipimo vyote vitakuwa uongo. Na msiandike "mara mbili ya ukubwa halisi", mtu akiifungua kwenye simu ni ukubwa gani huo tena?

Jina la faili ni namba ya sajili, pande, tarehe, basi. Msiandike "jino zuri final final 2". RAW itunzwe kama ilivyo, nakala ya TIFF ya kazi, JPEG ya kutuma kwa watu, na ziwe sehemu tatu, mbili hapo kazini kwenye diski tofauti na moja iwe nje ya jengo hilo. Jengo likiungua diski zote mbili zilikuwa kwenye kabati moja, utamwambia nini mtu.

Kwa mifupa mikubwa msilazimishe picha moja. Mfupa wa juu wa mkono wa yule Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu wa Tendaguru, una sentimita 213, ukiupiga wote kwa kamera ya pikseli 6,000 kila pikseli inameza zaidi ya theluthi ya milimita, mikwaruzo midogo yote imekwenda. Piga vipande vinavyopishana kama vigae, vishone, au zunguka mfupa mzima na picha zinazopishana kwa asilimia 70 hivi mfanye modeli ya 3D. Agisoft Metashape inalipiwa, Meshroom ni bure ila inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro.

Bosi mpe za kalenda mwezi wa kumi na moja.

Fundi naona unapigia debe mapicha na ma-3D. Mifupa yetu iko Berlin, wewe unataka tufurahie picha? Warudishe kwanza. — Mmwera halisi

Ndugu yangu hasira yako naielewa, na swali lako ndilo lililonifanya nisilale vizuri kuliko yote.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mamia ya vibarua wetu, mizigo ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Yule Giraffatitan amesimama Berlin tangu 1937, urefu kwenda juu mita 13.27. Picha za mitaro zile za wakati ule zimejaa majina ya wataalamu wa Kijerumani akina Janensch na Hennig, ila aliyejua mfupa uko wapi na unatolewaje alikuwa msimamizi Boheti bin Amrani, na ilibidi ifike 2007 ndio dinosaria mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Zile picha bila maelezo chini yake zingetuficha hata hilo.

Kwa hiyo picha haichukui nafasi ya mfupa, hapo tuko pamoja, na anayekwambia "si tumewapa 3D, mnataka nini tena" mwambie basi yeye abaki na hiyo 3D. Lakini angalia Laetoli. Nyayo za viumbe wa ukoo wetu wa binadamu, za miaka milioni 3.66, ziligunduliwa 1978 na timu ya Mary Leakey, hazijaenda popote, ziko kwetu Ngorongoro, na bado ilibidi miaka ya 1990 zifukiwe tena maana mizizi ya miti ilikuwa inazipasua. Zipo kwetu na hatuzioni! Tunachokiona ni nakala na picha. Nyayo nyingine zilipofunuliwa pale pale na kutangazwa 2016, walizipiga picha kutoka kila pembe na kuzitengenezea modeli za 3D. Mtoto wa Nachingwea aliye na modeli ya mfupa wa Tendaguru anaweza kuupima, kuuliza, kuandika, na kudai akiwa anajua anachodai ni kipi na kina namba gani ya sajili. Mimi nataka vyote viwili, na cha pili tunaweza kuanza nacho kesho.

Haraka haraka: naweza kutumia sarafu ya shilingi mia mbili badala ya rula? Na nikishapiga naweza kuposti Instagram? — Mtembezi wa wikiendi

Sarafu, hapana, msomaji wa Oman au Kanada ataijulia wapi, na sarafu zinabadilishwa. Rula ya shule ni bei ndogo tu, kata kipande cha sentimita 5 ubaki nacho kwenye pochi.

Kuposti, posti. Ila kabla hujapiga zima lokesheni kwenye mpangilio wa kamera, maana simu inaandika ndani ya picha mahali ulipo kwa mita chache, na kuna watu wanatafuta picha kama hizo kwa ajili ya kuja na sururu. Namba za GPS ziandike kwenye daftari uwapelekee watu wa Mambo ya Kale, au wa makumbusho ukiwa Kenya. Na ukitagi usiseme "karibu na daraja la pili ukitoka kijijini", maana hapo ni kama hujazima kitu.